Kiki za kiroho: zinapojenga na zinapobomoa

Tarehe 11 Juni 1988, katika mkutano wa maombi ulioongozwa na Mary Akatsa wa kanisa la Bethlehemu mtaani Kawangware, mwanamume mrefu mwenye ndevu, aliyevaa kanzu nyeupe, alisimama mbele ya umati uliokadiriwa kuwa wa watu 6,000. Gazeti la Kenya Times lilichapisha habari hiyo pamoja na picha, likasimulia kwamba waumini walimtambua kuwa ni Yesu, kwamba alizungumza nao kwa Kiswahili, na kwamba aliondoka kwa gari, akashuka njiani na kutoweka. Picha ile haikuishia Nairobi. Mjini London, mchoraji wa Kiskoti aitwaye Benjamin Creme alitangaza kwamba mgeni wa Kawangware hakuwa mwingine ila Maitreya, mwalimu wa ulimwengu ambaye yeye Creme alikuwa amehubiri ujio wake kwa miaka mingi.

Creme alikuwa na haja kubwa ya picha kama ile. Aprili 1982 kundi lake lilikuwa limenunua kurasa nzima katika magazeti makubwa ya nchi mbalimbali kutangaza kwamba Kristo amekwisha kurudi, na mwezi uliofuata aliwaita wanahabari mjini Los Angeles na kuwaambia wamtafute mwalimu huyo miongoni mwa jamii ya Waasia wa mashariki mwa London, karibu na mtaa wa Brick Lane. Hakuna aliyejitokeza. Sidai kwamba Creme ndiye aliyelipanga tukio la Kawangware. Alichofanya ni kulichukua na kulitia katika kampeni yake, na picha ile ikaendelea kutumiwa kama uthibitisho hadi alipofariki Oktoba 2016. Je, ilimsaidia? Hapa Nairobi bado wapo wengi wanaoikumbuka habari ya siku Yesu alipoonekana Kawangware, lakini wanaolijua jina la Creme, au wanaoweza kutaja fundisho lake hata moja kuhusu kugawana rasilimali za dunia kwa haki, ni wachache mno. Kioja kilibaki vinywani mwa watu, na harakati iliyokidai haikukumbukwa.

Swali la kama kiki, yaani kioja kinachofanywa ili kutafuta umaarufu, husaidia au hudhuru harakati ya dini limekuwa gumu kujibiwa kwa sababu huchukuliwa kuwa swali moja, ilhali ndani yake mna maswali kadhaa yaliyosokotana. Kujulikana ni jambo moja. Kupata wafuasi wapya ni jambo la pili, na kuwaimarisha wafuasi waliopo ni jambo jingine kabisa. Kisha kuna itibari, yaani ile hali ya mtu asiye mfuasi kukubali kwamba watu hawa wanayaamini wanayoyasema na kwamba neno lao laweza kutegemewa. Hii ndiyo inayochelewa kuja kuliko zote na kuwahi kuondoka. Kioja kimoja chaweza kuleta umaarufu, kisilete wafuasi wapya, kikawafunga wafuasi wa zamani kwa kamba ngumu zaidi, na wakati huohuo kikaiteketeza itibari yote. Ndiyo maana anayeisifu kiki na anayeilaumu hubishana bila kukutana, kwa kuwa kila mmoja anapima kitu chake.

Kuhusu wafuasi wapya, ushahidi uko wazi kuliko kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanasosholojia John Lofland na Rodney Stark walilifuatilia kundi dogo la wafuasi wa Sun Myung Moon, mhubiri wa Kikorea aliyeanzisha Kanisa la Muungano, katika eneo la San Francisco. Kundi lile lilikuwa limejaribu kujitangaza kwa mihadhara na taarifa kwa vyombo vya habari, na juhudi hizo hazikuzaa karibu chochote; waliojiunga walikuwa marafiki na jamaa za waliokwisha kujiunga. Baadaye Stark na William Bainbridge walipopitia kumbukumbu za wamisionari wa Kimormoni, walikuta kwamba kubisha hodi kwa watu wasiowajua kulizaa muumini mmoja katika kila majaribio elfu moja, ilhali mazungumzo ya kwanza yalipofanyika nyumbani kwa rafiki au jamaa aliyekuwa Mmormoni, nusu ya watu waliishia kujiunga. Mkazi wa Nairobi anaweza kulipima jambo hili bila kutoka mtaani kwake. Nguzo za umeme na kuta za vituo vya matatu zimebandikwa mabango ya krusedi, moja juu ya jingine, uso wa mtumishi wa Mungu ukiwa mkubwa kuliko jina la kanisa na neno miujiza likiwa kubwa kuliko yote. Lakini ukimwuliza jirani yako wa Umoja au Kangemi alifikaje katika kanisa analosali, atakutajia shangazi yake, au mwenzake wa chama, au mama mmoja aliyekesha naye hospitalini mtoto wake alipolazwa. Sijakutana na mtu aliyenitajia bango.

Basi kwa nini viongozi wengi huendelea kutafuta kiki? Jibu mojawapo lapatikana kwa wafuasi wa Raël, ambao walilielewa soko la habari kuliko karibu harakati nyingine yoyote ya karne iliyopita. Claude Vorilhon, Mfaransa aliyekuwa akiandika habari za mbio za magari, alisema kwamba mwaka 1973 alikutana na kiumbe kutoka sayari nyingine aliyemfunulia kwamba uhai wa duniani uliundwa na wanasayansi wa huko; akajiita Raël, akaanzisha harakati inayofundisha, pamoja na mengine, kwamba kloni, yaani kumnakili mtu kwa kutumia vinasaba vyake, ni njia ya kuufikia uzima wa milele. Tarehe 27 Desemba 2002, Brigitte Boisselier, mwanakemia na kiongozi katika harakati hiyo, aliyesimamia kampuni ya Clonaid, aliwaita wanahabari katika jimbo la Florida na kutangaza kuzaliwa kwa mtoto wa kike aliyemwita Eve, ambaye kwa maelezo yake alikuwa kloni wa kwanza wa binadamu. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kabla ya siku kwisha. Mwanahabari wa sayansi Michael Guillen alikuwa amekubali kuratibu upimaji wa vinasaba utakaofanywa na wataalamu huru, lakini tarehe 6 Januari 2003 aliusitisha, kwa kuwa wataalamu hao hawakupewa nafasi ya kuifikia familia, akasema kwamba huenda jambo lote ni udanganyifu uliopangwa kwa ustadi. Mtoto huyo hajaonyeshwa hadi leo.

Ukilipima tukio hilo kwa kigezo cha umaarufu, lilifaulu kupita kiasi, kwa kuwa watu wasiowahi kusikia jina la Raël walilisikia wiki hiyo. Yaelekea lilifaulu pia kwa wale waliokuwa ndani, maana dhihaka ya walimwengu ina namna yake ya kuwasogeza wafuasi karibu: anayechekwa kazini kwa sababu ya imani yake hujikuta ana sehemu moja tu ya kupumzikia, nayo ni miongoni mwa wenzake wanaochekwa vilevile. Kwa upande wa itibari, hasara ilikuwa kubwa, na ilijitokeza mahali ambapo pengine hawakuitarajia. Shirika la Clitoraid, lililoanzishwa na wafuasi wa Raël, lilijenga hospitali mjini Bobo-Dioulasso, Burkina Faso, ili wanawake waliokeketwa wafanyiwe upasuaji wa kurekebishwa. Mwaka 2014, hospitali ilipokuwa tayari kufunguliwa, serikali ilizuia ufunguzi wake, na miongoni mwa mashaka yaliyotajwa ni kwamba huduma hiyo ingekuwa njia ya kutangaza harakati na kutafuta wafuasi. Naliona jambo hilo kuwa la kusikitisha kweli. Walioumia si viongozi waliokaa mbele ya kamera, ni wanawake waliokuwa wakisubiri matibabu waliyoyahitaji, na ambao hawakuwa na habari yoyote ya mtoto Eve.

Wapo waliokuwa na itibari tayari wakaipunguza kwa mikono yao wenyewe. Mbinu ya kutafakari iliyofundishwa na Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu wa kiroho wa Kihindi, ilikuwa imepata heshima fulani katika vyuo vikuu, hasa baada ya Robert Keith Wallace kuchapisha mwaka 1970, katika jarida la Science, utafiti kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa kutafakari. Mwaka 1986 harakati hiyo iliwaalika wanahabari mjini Washington kushuhudia kile ilichokiita kuruka kwa nguvu ya yoga, na walichokiona ni watu waliokunja miguu wakirukaruka juu ya magodoro. Aliyekuwa tayari kusikiliza habari za mapigo ya moyo na usingizi mzuri alipewa sababu ya kuacha kusikiliza.

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ingekuwa rahisi kuifunga hoja hapo, lakini historia haiukubali msemo huo kikamilifu. Jeshi la Wokovu lilijitembeza kwelikweli. William Booth alianza kazi yake mashariki mwa London mwaka 1865, na baada ya jina la Jeshi kuanza kutumika mwaka 1878, wafuasi wake walivaa sare kama askari, wakapiga matarumbeta na ngoma barabarani, wakaimba nyimbo za dini kwa tuni za vilabuni, mambo ambayo wakuu wa makanisa ya Uingereza waliyaona kuwa ni aibu kwa injili. Magenge yaliwapiga kwa mawe na mayai mabovu, na mamia yao walijeruhiwa. Zaidi ya karne moja baadaye, bendi ya Jeshi la Wokovu ikipita mtaani Nairobi siku ya Jumapili hakuna anayeiona kuwa ni kiki, na ukilitaja shirika hilo, ambalo limekuwepo Kenya tangu 1921, mtu atakumbuka upesi shule ya wasioona ya Thika. Kwa hiyo kelele peke yake haiharibu itibari. Kuna kitu kingine kinachoamua.

Maelezo bora ninayoyajua yalitolewa na mwanaanthropolojia Joseph Henrich mwaka 2009. Kwa kuwa maneno hayana gharama na kila mtu anaweza kuyatamka, Henrich anasema, binadamu wamezoea kuutazama mwenendo wa anayewafundisha kabla ya kumwamini, wakitafuta hasa vitendo ambavyo mtu asiyeamini asingekubali kuvifanya kwa sababu vingemgharimu. Mtu anayefunga siku nyingi, anayegawa mali yake, au anayekubali kwenda jela kwa ajili ya anachokifundisha, anamwonyesha mtazamaji kwamba moyo wake na ulimi wake viko pamoja. Tukikitumia kipimo hicho, tofauti kati ya Booth na Boisselier inaonekana mara moja: wafuasi wa Booth walilipa kwa miili yao wenyewe, ilhali tangazo la Florida halikumgharimu aliyelitoa chochote zaidi ya kodi ya ukumbi.

Gharama hata hivyo haitoshi bila ukaguzi. Mwaka 1891 Jeshi la Wokovu lilifungua kiwanda cha kibiriti huko Old Ford, London, likitumia fosforasi nyekundu mahali pa ile nyeupe iliyokuwa ikiozesha taya za wafanyakazi, na likawalipa wafanyakazi ujira bora kuliko viwanda vingine. Ilikuwa ni kampeni ya wazi, na hata maboksi ya kibiriti yenyewe yalichapishwa maneno ya kuitangaza. Lakini waliandaa ziara za wabunge na wanahabari, wakawatembeza kiwandani, kisha wakawapeleka katika nyumba za watu waliokuwa wamepatwa na ugonjwa ule wa taya. Mlango ulifunguliwa. Kwa Eve ulifungwa, na tangu siku ulipofungwa hapakuwa tena na swali la sayansi. Mohandas Gandhi naye, alipotembea takriban kilomita 385 kwenda Dandi, India, mwaka 1930 kuokota chumvi kinyume cha sheria ya Waingereza, alimwandikia gavana mkuu wao mapema kumweleza atakachokifanya, na mwishowe akafungwa jela. Wapiga picha walifuatana naye, na hakuna aliyesema kwamba uwepo wao uliufanya mwendo ule kuwa wa uongo.

Nairobi ina mfano wake wa aina hiyo. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika bustani ya Uhuru, na polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, baadhi yao walivua nguo, kitendo kilichoandikwa na magazeti ya dunia nzima. Kanisa Kuu la All Saints, lililo jirani na bustani hiyo, liliwapa hifadhi, na mkesha wao wa kudai wafungwa hao waachiliwe ukaendelea humo kwa takriban mwaka mmoja huku serikali ikilitazama kanisa hilo kwa jicho baya. Kanisa halikufanya kioja chochote. Lilikubali kubeba gharama ya kitendo cha wengine, na naamini heshima lililoipata katika miaka ile isingeweza kununuliwa kwa mabango ya mji mzima.

Dini zenyewe zilikuwa zimelitambua tatizo hili zamani. Waislamu huonywa dhidi ya riya, ibada inayofanywa ili mtu aonekane, na sura ya Al-Maun inawataja kwa ukali wanaoswali kwa ajili ya kuonekana. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anawekwa juu ya kinara cha hekalu na kuambiwa ajitupe chini malaika wamdake mbele ya watu, naye anakataa. Lakini Biblia hiyohiyo inamtaja Isaya aliyetembea bila nguo na bila viatu kwa miaka mitatu, na Yeremia aliyejivisha nira shingoni, hivyo haiwezekani kusema kwamba maandiko yanakataza kila kitendo cha kushtua. Nira ya Yeremia ilikuwa ni ujumbe wenyewe, na shingo iliyoibeba ilikuwa ni yake. Kujirusha kutoka kinarani kusingefundisha lolote isipokuwa kwamba aliyejirusha ana nguvu.

Aina mbaya kuliko zote ni kioja kilichojengwa juu ya hila. Februari 2019 kanisa la Alleluia Ministries la Johannesburg lilisambaza video iliyoonyesha mtu akifufuka katika jeneza. Makampuni ya mazishi yakalalamika kwamba yalihadaiwa ili yaonekane kuhusika, na muda si mrefu kanisa lenyewe likasema kwamba mtu huyo alikuwa tayari yu hai alipofikishwa pale. Hapa kwetu, Novemba 2014, kipindi cha uchunguzi cha runinga ya KTN kilionyesha jinsi maji ya kuoshea miguu ya waumini katika kanisa la Victor Kanyari yalivyogeuzwa kuwa mekundu kama damu kwa kemikali ya potasiamu pamanganeti, huku wagonjwa wakitakiwa kupanda mbegu ya shilingi 310. Nambari hiyo iligeuka kuwa mzaha wa nchi nzima. Hata hivyo mhubiri huyo hakukosa waumini, na jambo hili huwashangaza watu wanaofikiri kwamba itibari ni kitu kimoja kinachopimwa na jamii yote kwa pamoja. Muumini aliyebaki aliyapima mambo kwa vipimo vya ndani: alipoombewa alijisikia nafuu, wenzake walimpokea, na waliomcheka kiongozi wake ni walewale ambao hawakuwahi kumjulia hali. Aibu ya hadharani haifiki mahali hapo.

Inafika kwa majirani. Kiongozi anayefanya kioja anakopa dukani kwa jina la ukoo mzima, na wanaodaiwa mara nyingi ni wasiokuwepo alipokopa. Baada ya kipindi kile cha 2014, Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alisimamisha usajili wa makanisa mapya, na kanuni zilizopendekezwa baadaye zilitaka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia na hati za polisi za mwenendo mwema. Viongozi wa dini walizipinga vikali, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza mashauriano zaidi. Kikundi cha akina mama wa Mathare waliokuwa wakisali katika chumba cha mabati na kutaka kusajiliwa hawakuwa wametia rangi maji ya mtu yeyote, lakini mlango waliofungiwa ulikuwa uleule.

Hata hivyo ni hatari kudhani kwamba kelele ndiyo kipimo cha madhara. Mauaji ya waumini waliofundishwa kufunga hadi kufa huko Shakahola, pwani ya Kenya, yaliyogunduliwa Aprili 2023 na ambamo zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, yalifanyika msituni, mbali na umati na kamera. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikuwa amewahi kuhubiri kwa runinga, ndiyo, lakini alipoanza lile jambo la kutisha kuliko yote alikuwa amejitenga. Jamii iliyozoea kuwatafuta manabii wa uongo miongoni mwa wenye vioja ilikuwa ikitazama upande mwingine.

Sasa simu imeibadilisha hesabu yote. Zamani kiongozi alihitaji gazeti limwandike, kisha watu waje, kisha wamwamini, ndipo watoe sadaka. Itibari ilikuwa mlango wa lazima kati ya umaarufu na fedha. Siku hizi mahubiri yanayorushwa moja kwa moja kwenye TikTok hulipwa kwa zawadi za watazamaji, na namba ya M-Pesa imeandikwa chini ya skrini muda wote. Anayetazama ili acheke na anayetazama ili aombewe wanaongeza hesabu ileile. Kwa hiyo kiongozi anaweza kupoteza itibari yake yote na mapato yake yakapanda, na kumwonya kwamba kioja kitamharibia jina hakumtishi hata kidogo.

Ambao hesabu yao haijabadilika ni waumini wa kawaida, wanaobeba jina la kanisa kazini, kwenye matatu na katika mikutano ya wazazi shuleni. Wao ndio wenye haki ya kuuliza, kabla kioja hakijafanyika, ni nani atakayegharimika, ni nani atakayeruhusiwa kukagua, na kama kitendo chenyewe ni sehemu ya wanayoyafundisha au ni pambo lililoning'inizwa nje. Lakini swali la namna hiyo linahitaji kikao cha kuliulizia, na katika kanisa lililosajiliwa kwa majina ya mwanzilishi na jamaa zake, kikao hicho hakipo. Ningependa sheria yoyote mpya ya mashirika ya dini ianze hapo, kwa kuwapa waumini sauti katika uongozi na hesabu za fedha, kabla ya kudai cheti cha theolojia kutoka kwa yeyote.